Mwanamke Njiani: Misafara ya Unyanyembe na Sinema Zake

Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century Fox ya Marekani ilitoa sinema iitwayo Stanley and Livingstone. Mwongozaji wake alikuwa Henry King, na stelingi alikuwa Spencer Tracy, aliyeigiza Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa Afrika kumtafuta Daktari David Livingstone. Wapenzi wa picha za kale wanaikumbuka. Kwetu sisi tuishio Tabora ina ladha ya pekee, kwani njia ipitwayo humo ndiyo njia yetu: Unguja, Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Unyanyembe, hadi Ujiji. Safari yenyewe ya kweli ilitoka Bagamoyo mwezi Machi 1871. Tarehe 23 Juni Stanley aliingia Unyanyembe, akapewa tembe pale Kwihara, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kutoka hapa Cheyo niandikapo makala haya. Mwezi Novemba akamkuta mzee wake Ujiji.

Katika sinema hiyo mna mwanamke mmoja tu mwenye uzito. Anaitwa Eve Kingsley, binti wa Kiingereza akaaye Unguja na baba yake, na aliigizwa na Nancy Kelly. Stanley anampenda, anamwacha kisiwani, anakwenda bara kupambana na homa na mishale, kisha anarejea. Binti huyo hakupata kuzaliwa. Amebuniwa na waandishi wa Hollywood. Stanley wa kweli alipofika Unguja mwezi Januari 1871 alifikia nyumbani kwa balozi wa Marekani, Francis Webb, na shughuli zake zilikuwa kununua nguo, shanga na waya, na kutafuta wapagazi.

Mpenzi msomaji, sisemi kwamba sinema haina haki ya kubuni. Mshairi akikataza kubuni, yeye mwenyewe atakula nini? Nikitazamacho ni namna ya ubunifu wenyewe. Watengenezaji wa picha ile walijua kwamba watazamaji wao hawatavumilia safari ndefu isiyo na mwanamke. Papo hapo hawakutaka mwanamke awe safarini. Basi wakambuni mmoja, wakamweka mahali ambapo wanaume wataondoka wamwache na watarudi wamkute. Na wale wanawake waliotembea njia ile kwa nyayo zao, ambao majina yao yamo vitabuni, hawakupata hata dakika moja.

Nianze na Halima. Huyu alikuwa mpishi wa Livingstone, mke wa Amoda, mmoja wa watumishi wa msafara. Anatajwa katika shajara za mwisho za Livingstone, zilizohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa London mwaka 1874. Yumo pia Ntaoeka, aliyejiunga na msafara na kisha akawa mke wa Chuma. Wanawake hawa wawili walikaa Kwihara mwaka 1872, Livingstone alipokuwa akingojea wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Mwezi Agosti waliondoka naye kuelekea kusini, hadi nchi ya ziwa Bangweulu. Alipofariki kijijini kwa Chitambo, tarehe 1 Mei 1873, walikuwamo katika kundi lililouchukua mwili wake kuurudisha kwao. Oktoba mwaka huo walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron wa Uingereza, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Baina ya Unyanyembe na pwani alikufa msichana mdogo wa msafara aitwaye Losi. Alikuwa akitembea na mtungi wa maji kichwani, nyoka akamuuma, na hazikupita dakika nyingi.

Sisi wa rika langu tulifundishwa skulini majina ya Susi na Chuma, na ni haki yao. Wanaume hao wawili walipelekwa mpaka Uingereza, wakapigwa picha, wakasaidia kueleza habari za siku za mwisho za bwana wao. Halima hakupelekwa.

Stanley naye, katika safari yake kubwa ya 1874 hadi 1877, aliyotoka nayo Bagamoyo na kumalizia kwenye mdomo wa mto Kongo, alifuatana na wanawake wa Unguja waliowaandama waume zao. Baadhi yao wamechorwa katika kitabu chake, wamekaa na kusimama pamoja, na maelezo chini ya picha yanawataja kwa waume zao: mke wa fulani, mke wa fulani. Wanawake waliokata bara la Afrika kutoka bahari hadi bahari, na hata jina la kuzaliwa hawakuachiwa.

Na si Wazungu pekee waliokuwa na wanawake wa kuwaandika. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye nyinyi mmemzika Unguja mwaka 1905 na ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwanzoni mwa masimulizi hayo mna ndoa moja ya kuangaliwa: baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa ndoa ile mgeni wa pwani alipata heshima ya kiti hapa bara. Katika historia tusomazo, biashara ya Tabora ni pembe, bunduki na watumwa. Mimi nasema mlango wake mmojawapo ulikuwa Karunde, na mlango huo haujapata kuoneshwa katika picha yoyote niliyoiona. Kadhalika Nyaso, mwanamke aliyekalia kiti cha Unyanyembe baada ya Isike kuangushwa na Wajerumani mwaka 1893. Ukitaka kumtengenezea mtu sinema, huyo hapo: Isike amejilipua kwa baruti ndani ya boma lake asikamatwe hai, na kiti kinapewa mwanamke, chini ya macho ya maofisa wa kigeni. Hata hivyo, hadithi hukomea kwenye mlipuko.

Mwanahistoria Stephen Rockel, ambaye kitabu chake kuhusu wapagazi wa njia hii kilitoka mwaka 2006, ameonesha kwamba wanawake walikuwa sehemu ya kawaida ya misafara ya karne ya 19. Walibeba vyungu, vyakula, ngozi za kulalia na watoto. Walipika, walitafuta kuni na maji baada ya mwendo wa siku nzima, waliuza pombe na vyakula kambini, na wako waliobeba mizigo kwa ujira. Mpagazi aliyekuwa na mke njiani alikula vizuri zaidi na aliugua kidogo zaidi kuliko mwenziwe kapera. Ilikuwa ni ushirika, kama ule wa shambani, ila shamba lenyewe lilikuwa lasogea kila asubuhi.

Hapa naomba niingize neno la kazi yangu. Mimi ni mfasiri niliyejifunza bila mwalimu, kwa kamusi mbili na taa ya chemni, na jambo lililonisumbua tangu mwanzo ni wepesi wa Kiswahili kuficha. Njia hii imetuachia maneno mengi: posho, hongo, kirangozi, mnyapara, pagazi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokuambia kama mwenye kutajwa ni mume au mke. Ukisema, "Mpagazi aliweka mzigo chini akalala," msikilizaji anaona apendacho, na aghalabu anaona mwanamume. Lugha haikumfukuza mwanamke; imemwacha ndani, gizani. Sinema haina giza la namna hiyo. Mpiga picha hawezi kuonesha mpagazi asiye na sura. Sharti achague mtu, amtwike mzigo, amwambie tembea. Na katika kila picha ya njia hii niliyopata kuitazama, waliochaguliwa kutwikwa mzigo ni wanaume.

Niliwahi kuwaonesha majirani zangu ile sinema ya mwaka 1939, hapa nyumbani Cheyo, nikiwafasiria kwa mdomo. Wanaume walicheka pale pa kuchekwa. Bibi mmoja mtu mzima, ambaye alikaa kimya tangu Unguja, tulipofika katikati ya bara aliniuliza, "Mwalimu, watu wote hawa wanapikiwa na nani?" Nikatazama tena. Msafara mzima unapita, bendera, ngoma, mizigo, mahema yanapigwa na kung'olewa, na hakuna moshi wa jiko wala mtu achambuaye mchele. Wanatembea miezi kwa miezi bila ya kula. Stanley wa kweli alijaza kurasa kwa mambo ya posho. Sinema iliona aibu ya chungu.

Kuna jambo jingine la picha hiyo ambalo lingestahili kuwa sinema peke yake. Mshauri wa kampuni katika kazi ya kupiga mandhari na misafara huku Afrika Mashariki alikuwa mwanamke, Osa Johnson wa Marekani, aliyezoea nyika hizi tangu miaka ya 1920 pamoja na mumewe Martin, ambaye alifariki mwaka 1937. Yaani waliotumwa kupiga picha ya wanaume watupu njiani walitegemea uzoefu wa mwanamke ajuaye njia. Kisha wakarudi Hollywood wakamweka Eve Kingsley Unguja akingoja.

Kabla ya hapo, mwaka 1925, Mwingereza M. A. Wetherell alitoa picha bubu iitwayo Livingstone, aliyoiongoza na kuigiza mwenyewe, na ambayo kwa ajili yake alikuja kupiga picha Afrika. Ni yuleyule Wetherell ambaye mwaka 1933 alitangaza kwamba ameziona nyayo za dude kubwa kando ya ziwa Loch Ness huko Scotland, na uchunguzi ukaonesha kwamba zilipigwa kwa mguu mkavu wa kiboko. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wapendao kusema kwamba picha haisemi uongo.

Mwaka 1990 ikaja Mountains of the Moon, ya Bob Rafelson, kuhusu Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba, wakapokewa na Mwarabu mkarimu Snay bin Amir. Ni picha nzuri kuliko ya 1939, yenye vumbi la kweli na homa ya kweli, na Sidi Mubarak Bombay anaonekana kuwa mtu mwenye akili zake. Ilipigwa Kenya. Miaka 51 imepita kati ya picha hizi mbili, ukoloni umekuja kuondoka, na wanawake Waafrika wamekuwa mabalozi na mawaziri. Hata hivyo, mwanamke mkubwa wa picha ni Isabel Arundel, aliyeigizwa vyema na Fiona Shaw. Naye yuko Uingereza. Angoja.

Sharti niwe mwadilifu. Sinema na michoro ya vitabu vimempa mwanamke Mwafrika nafasi moja ya kuonekana njiani, nayo ni mnyororo. Hilo si la kubuni. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara ya watumwa, na wengi wa waliopitishwa hapa walikuwa wanawake na watoto; miembe ya njia ya Ujiji tunayojivunia kivuli chake haikupandwa na watu wenye furaha. Halima mwenyewe alikuwa mtumwa alipoingia mikononi mwa Livingstone. Atakayeandika habari za wanawake wa njia hii akauruka mnyororo atakuwa mwongo zaidi ya Wetherell. Lakini tazama matokeo ya kumwonesha katika mnyororo peke yake: mwanamke akiwa huru yuko nyumbani, akiwa njiani ni mateka. Mtazamaji anaondoka na fikra kwamba njia yenyewe ndiyo iliyomharibu, na kwamba usalama wake ni kutokutoka. Mke wa mpagazi aliyefunga chungu chake mgongoni kwa hiari, akaandamana na mumewe kwenda kuiona bahari, hana mahali katika hesabu hiyo.

Tusiwatwike watu wa Hollywood mzigo wote. Sisi wa pwani, na wa mji huu wa bara wenye damu ya pwani, tulilelewa zaidi na sinema za Kihindi. Nyinyi wa Unguja mlikuwa na Majestic, Cine Afrique na Sultana, na maonesho ya wanawake peke yao ambapo mama zetu walilia kwa uhuru wote. Je, ni picha gani iliyowaliza kushinda Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957? Mume, baada ya kupoteza mikono yake, anaondoka usiku asirudi tena. Radha, aliyeigizwa na Nargis, anabaki. Gharika inakuja, wanakijiji wanafunga mizigo wahame, na ni Radha anayewaita warudi. Ukubwa wake wote umejengwa juu ya kubaki. Ni ukubwa wa kweli, na moyo mgumu tu ndio usioguswa. Lakini mume aliyekwenda zake picha inamhurumia, na sidhani kama Radha angefunga yeye mzigo usiku ule tungemwita mama wa nchi.

Pakeezah ya Kamal Amrohi, iliyotoka mwaka 1972, imelisema jambo hili wazi zaidi kuliko sinema yoyote niijuayo. Sahibjaan, mcheza ngoma wa majumba ya starehe, amelala ndani ya treni. Mwanamume mgeni anaingia, anaiona miguu yake, na kabla ya kushuka anamwachia kikaratasi cha kuisifu na kuisihi isikanyage ardhi, isije ikachafuka. Wapenzi wengi wamekiiga kikaratasi kile. Na mimi, katika ujana wangu, nilikiona kuwa kilele cha mahaba. Lakini mfikirie msomaji wa kikaratasi: yuko safarini, analala na kuamka katika treni, anafanya kazi kwa miguu ileile, na sifa anayopewa ni kuombwa asitembee. Amrohi alilijua hilo, na ndiyo maana kuelekea mwisho anamchezesha Sahibjaan juu ya vigae vya kioo mpaka zulia linalowa damu. Meena Kumari, aliyemwigiza, alifariki wiki chache baada ya picha kutoka.

Turudi nyumbani. Mapema katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, kwa kushirikiana na kampuni moja ya Afrika Kusini, ilitengeneza picha za Kiswahili. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, hadithi ya kuchekesha ya mtu wa shamba aingiaye mjini. Mchezaji mkuu alikuwa kijana aliyepata kusoma hapa Tabora, Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Hadithi za namna hiyo, ziwe za sinema, za redio au za vitabu, zina mgawanyo wao wa zamani: mwanamume ndiye asafiriye, akapotea na kujifunza, mwanamke wa kijijini ni mwisho mwema wa safari yake, na mwanamke wa mjini ni shimo la njiani. Hakuna aulizaye yule wa mjini alifikaje mjini.

Baada ya uhuru walitokea watengenezaji waliouliza. Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inamfuata mwanamke mgonjwa anayeogopa waganga wa jadi, na inamwacha awe na hofu yake, kumbukumbu yake na uponaji wake. Mariamu aliigizwa na Amandina Lihamba, msomi wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ndiye pia aliyemwigiza Samehe katika Maangamizi ya Martin Mhando na huyo Mulvihill, mwaka 2001, picha ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar ya lugha za kigeni. Samehe ni mgonjwa aliyenyamaza miaka mingi. Anayemfungua ni daktari mwanamke aliyesafiri kutoka Marekani. Hatimaye tuna mwanamke aliyekata bahari si kwa kufuata mume wala kwa mnyororo, na mwanamke mwenziwe ndiye aliyemkuta.

Picha hizo, kwa bahati mbaya, zilitazamwa zaidi katika matamasha kuliko mitaani. Mitaani ilitawala mikanda ya video, na tangu Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, na hasa katika enzi ya marehemu Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga jirani zetu aliyefariki mwaka 2012, mikanda yetu wenyewe. Siidharau kazi ile. Iliwapa watu Kiswahili chao katika kioo, ikawapa wasichana wengi kazi na jina. Lakini hesabu ya mwanamke humo ilikuwa nyembamba: mke mvumilivu, mama mkwe mkorofi, na msichana aliyetoka mkoani kwenda Dar es Salaam akaishia baa, maradhi au kaburi. Kinachonichoma ni kwamba mwigizaji wa nafasi hiyo ya tatu mara nyingi alikuwa yeye mwenyewe msichana aliyetoka mkoani kwenda Dar es Salaam. Alisafiri ili aoneshe kwamba hakupaswa kusafiri.

Mabanda ya video yalikuwa na wafasiri wao, Lufufu akiwa mashuhuri kupita wote, na kama mtu wa kazi hiyo nawavulia kofia: ni ufundi mgumu kusema kwa niaba ya watu kumi bila ya kupumua. Lakini nilimsikia mmoja, hapa Tabora, akifasiri picha ya kigeni. Mwanamke anafunga sanduku, anamwambia mumewe kwamba amechoka, anakwenda kwa dada yake. Mfasiri akatuambia kwamba anakwenda kwa hawara. Banda zima likaguna. Neno "dada" lilisikika wazi kwa ajuaye Kiingereza, wala mfasiri hakulikosea. Alijua watazamaji wake hawatamwelewa mwanamke afungaye sanduku bila ya mwanamume mwisho wa njia.

Mambo haya hayakomei bandani. Msichana mmoja wa mtaani kwetu alipochaguliwa kwenda kusoma chuo mbali na Tabora, mjomba wake alikataa, akasema mwisho wa mabinti hao tumeuona. Nikamuuliza ameuona wapi. Akanitajia mikanda mitatu. Hakumtaja hata mtu mmoja wa Cheyo, na Cheyo ina mabinti wengi waliokwenda wakarudi na shahada, na ina bibi zake waliokwenda Kigoma na Dar es Salaam kwa treni miaka na miaka wakiuza asali na mchele. Msichana alikwenda, kwa sababu mama yake aliuza cherehani. Lakini alikwenda kwa kuchelewa wiki tatu, na baina ya mama na kaka yake salamu ni za msikitini tu.

Kwa hiyo nilipoiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, nilifurahi kwa sababu ndogo kuliko zile walizoziandika wahakiki. Walisifu taa, bahari na siasa za kudai uhuru. Mimi nilimtazama Yasmin akitembea. Ni kijana aliyeozwa mume aliyemzidi umri kupita kiasi, akamkimbia. Kamera inamfuata vichochoroni mwa Mji Mkongwe na Ng'ambo, na hadithi haimwadhibu kwa kuwa na miguu. Anapata tabu, naam, lakini tabu yake haiji kama mshahara wa kutoka nyumbani. Ningependa Mwajuma apewe maneno zaidi, maana wa kitabuni ana ulimi mtamu kuliko wote, ila hilo ni shauri la mpenda vitabu.

Nanyi mna mfano mwingine, ambao si wa kubuni. Mwaka 2006 Mwingereza Andy Jones alitoa filamu kuhusu maisha ya Fatma binti Baraka, Bi Kidude, kwa jina la As Old as My Tongue. Bi Kidude alikuwa akisimulia kwamba alizikimbia ndoa, akavuka kwenda Tanganyika, akaizunguka kwa miguu mitupu akiimba. Watu husikiliza habari hiyo kama kioja cha mwimbaji mmoja. Mtu wa Tabora hashangai. Njia alizozipita zilikuwa na nyayo za wanawake tangu zamani za pembe na shanga, na misafara ilikoma tu treni ilipofika hapa mwaka 1912.

Pale Kwihara, mwaka 1872, kilitokea kisa ambacho Livingstone alikiandika kwa mistari michache. Halima aligombana na Ntaoeka, akakasirika, akaondoka. Livingstone akapeleka barua kumtafuta. Kumbe alikwisharudi mwenyewe, amesimama nje, hataki kuingia mpaka bwana atoke amwambie ingia. Mzee akatoka, akamwambia aingie, na wasigombane tena. Akaandika kwamba mwanamke huyu hakuwahi kumkosea, haibi wala hamruhusu mumewe kuiba, na kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja watakapofika. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na baridi, akampa nguo nzito ya kujifunika. Baadaye Halima alifunga vyungu vyake, akashika njia ya kusini.